Mkwe Mezani kwa Sonara

"Mkwe hafundishwi kazi," sonara alisema, akaisukuma sahani yake kando. "Mkwe anakaribishwa, anaulizwa habari za safari, anasindikizwa mpaka barabarani. Basi. Sasa wewe unataka nimkalishe mezani nimshikishe tupa?"

"Nataka umpe kazi," mkewe akasema. "Kiwanda cha magodoro kimefungwa, mwanao ana mimba, na mumewe anashinda chumba cha nyuma anakunja na kukunjua magazeti ya mwaka jana. Umemwona anavyokula? Anachagua kipande kidogo kuliko vyote kwenye bakuli. Mwanamume mzima, mabega yale! Mimi naona haya kumtazama."

"Unajua ninavyofundisha."

Alijua. Mtaa mzima ulijua. Kwa wateja sonara alikuwa mpole, sauti yake ya chini chini kama ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Lakini mwanafunzi akikosea mezani, jamani! Wanafunzi wake wote waliwahi kuitwa bata, gunia, na majina mengine ambayo mkewe aliyafunika kwa kukohoa ili mteja asiyasikie. Wawili walitoroka bila kuaga. Waliobaki walikuwa mafundi wakubwa, wenye maduka yao, na mpaka leo walikuja kumwonyesha kazi zao ngumu, wakatukanwa, wakaondoka wanacheka. Hakuijua njia nyingine. Baba yake alimfundisha hivyo hivyo, na hakuna aliyempenda duniani kama baba yake.

"Utamfundisha kwa adabu," mkewe alisema.

"Ufundi wa adabu! Huo umeuona wapi?"

Akachukua kijiko amalizie mchuzi. Kijiko kikagonga ukingo wa bakuli, tik tik tik, kabla hakijafika mdomoni. Wote wawili walikisikia. Kwa miezi sasa mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka, na vito vidogo vilimponyoka vikapotelea sakafuni, mkewe akavitafuta kwa magoti.

"Unahitaji mikono, mume wangu," alisema taratibu. "Na huyu anayo miwili."

Sonara akakiweka kijiko chini. "Basi, aje," alisema.

Asubuhi ya kwanza mkwe alikuja na shati lililopigwa pasi kama la siku ya usaili. Duka lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele palikuwa na kaunta ya kioo na kiti cha mama mkwe. Nyuma ya pazia palikuwa na meza ya kazi, mtungi wa gesi na mpira wake wenye bomba la kuchomea, na beseni la kunawia mikono. Maji ya beseni lile hayamwagwi ovyo. Hutulizwa mpaka vumbi la dhahabu lizame chini, kisha hukusanywa. Mkwe alielezwa hayo na mama mkwe, kwa kuwa sonara alikuwa bado anatafuta namna ya kumwambia mume wa bintiye akanawe.

Akapewa waya wa shaba. Kazi ya kwanza ya kila mwanafunzi ni hiyo: kata, kunja, fanya pete, lehemu maungio. Vidole vyake vilikuwa vinene, vilivyozoea kubeba magodoro. Pete yake ya kwanza ilikuwa na donge pale kwenye maungio kama uji ulioganda ukingoni mwa sufuria. Mwanafunzi mwingine angetajiwa ukoo wake wote siku ile.

Sonara aliigeuza pete ile huku na huku. Mshipa wa shingoni ukamtutumka. "Si haba, mkwe wangu," alisema. "Si haba hata kidogo." Kisha akaligeukia koleo lililokuwa limelala mezani. "Na wewe koleo! Huna macho? Moto unaelekezwa mahali pamoja mpaka chuma kinalia, wewe umelala tu! Gunia wewe!"

Mkwe akalitazama koleo lile kwa huruma.

Ukuta wa duka lile ulikuwa mwembamba, na upande wa pili alikuwako kinyozi, mtu asiyeweza kuishi bila kujua ya watu. Mchana alichungulia. "Mzee, nani anapata habari yake leo?"

"Koleo."

"Masikini. Lilikuwa koleo zuri." Akamgeukia mkwe. "Na wewe Bwana Harusi, fungate inakwendaje?"

Jina likamganda. Mtaa mzima ukamwita Bwana Harusi, akaitika, akatabasamu, akarudi kufagia. Wateja nao walimpita kwa macho. "Fundi yuko wapi?" walimuuliza, naye amekaa pale pale na tupa mkononi.

Lakini hakuwa mjinga. Aligundua kwamba kila pete iliyosifiwa "si haba" ilitupwa jioni kwenye kopo la vyuma chakavu. Siku moja akamwambia mkewe, "Baba ananisifu, kisha anatupa."

Mkewe alikuwa amekaa kitandani, miguu imemvimba. Akacheka. "Ungependa akutukane?"

"Ndiyo."

Akaacha kucheka.

"Kiwandani msimamizi alinitukana kila siku iendayo kwa Mungu," mumewe alisema. "Nilijua nimesimama wapi. Hapa sijui. Sijui kama nafundishwa au nastahiwa tu, kwa sababu nakula kwao na nalala kwao. Nataka mtoto akizaliwa, mtu akiuliza baba yake anafanya kazi gani, usilazimike kufikiri kwanza."

Basi akawa anajifundisha kwa kumsoma baba mkwe shingoni. Mshipa ukituna, ameharibu. Ukilala, amepatia. Akayasikiliza na matusi ya koleo kwa makini kuliko sifa zake mwenyewe, maana elimu yote ilikuwa humo. Pole pole madonge yakapungua. Siku moja pete ikakaa siku nzima bila kutupwa kwenye kopo, na jioni ile mkwe alichukua kipande cha nyama cha kawaida.

Bangili ililetwa na mshonaji wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja mkimya ambaye tepu ya kupimia haikumtoka shingoni. Mama mkwe alikuwa amempeleka bintiye kliniki na mkwe alikuwa ametumwa sokoni, kwa hiyo aliyempokea alikuwa sonara mwenyewe. Ilikuwa bangili ya mtoto mchanga, ya fedha, nyembamba, imekatika.

"Ilibanwa na mlango wa kabati," mshonaji alisema. "Niungie tu pale ilipokatika." Akaigeuza, akamwonyesha upande wa ndani na wa nje, ambako palikuwa na vishimo vidogo vidogo vimekaa pamoja. "Alikuwa anaota meno. Kila akiwashwa na ufizi anaitafuna. Yalitoka manne tu, Mzee. Hakuyafikisha matano."

Sonara alimjua yule mtoto kwa kusikia tu. Ilikuwa zamani, kabla mshonaji hajahamia mtaa ule. Akaifunga bangili kwenye kitambaa. "Njoo kesho," akasema kwa sauti yake ile ya chini chini.

Alitaka kuifanya mwenyewe. Aliwasha moto, akaishika bangili kwa koleo, na mkono ukaanza. Bangili ilicheza kwenye moto hadi akaogopa kuiyeyusha. Akazima. Mkwe, aliyekuwa amesharudi, alikuwa pembeni yake, akijifanya anatafuta kitu sakafuni ili asione.

"Mkwe wangu," sonara alisema, "hebu niungie hii."

Mkwe aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa kazi ya mteja.

Hapo ndipo sonara alipaswa kusema maneno mengine mawili matatu. Angekuwa mwanafunzi mwingine angemshika sikio: ungia hapa tu, ukigusa pengine nakukata vidole! Yalimfika kooni. Lakini alimtazama mtu mzima yule aliyeishika bangili kana kwamba amepewa mtoto, akaona haya. Kumwambia mume wa bintiye "usiguse" ni kama kumwambia hana akili.

"Utajua mwenyewe," akasema, na kutoka kwenda kununua gesi.

Mkwe aliungia. Maungio yale yalikaa vizuri hata yeye mwenyewe alipoyatafuta kwa kidole hakuyapata. Moyo ukamruka. Akaona bangili imefifia, imechakaa, ina vishimo mahali pamoja kana kwamba mtu aliiangusha kwenye kokoto. Ah, haiwezekani kazi yake ya kwanza itoke dukani hivi! Akaiweka kwenye chuma cha kugongea, akaigonga polepole mpaka vishimo vikalala, akapitisha msasa laini, akamaliza kwa brashi na dawa ya kung'arishia. Alitumia mchana mzima. Alitokwa na jasho. Alipoiinua kwenye taa ilikuwa inawaka.

"Baba, tazama," mkwe alimwambia sonara aliporudi jioni.

Sonara aliitazama. Aliigeuza upande wa nje, akaigeuza wa ndani. Mkwe akamtazama shingoni kama kawaida yake, lakini safari hii mshipa haukutuna wala haukulala. Uso wote ulikuwa umekufa ganzi.

"Imependeza mno, mkwe wangu," sonara akasema, akaenda kukaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mkewe alimkuta pale pale. Akamtoa habari kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mwiba. Aliposikia yote akajishika kifua.

"Umemwambia?"

"Nitamwambiaje? Ameipenda. Ameifanya kama ya mwanawe."

"Na yule mama?"

Sonara akapangusa vumbi kwenye goti lake.

"Nakuuliza, na yule mama?"

"Nitajua la kufanya," alisema. Mkewe hakuipenda sauti ile.

Asubuhi mkwe alipoingia nyuma ya pazia alimkuta baba mkwe ameinama mezani, bangili juu ya chuma, nyundo ndogo mkono wa kushoto, tindo nyembamba katika ule wa kulia.

"Baba, hiyo si imekwisha?"

"Imekwisha, mkwe wangu. Narekebisha kidogo tu."

"Mbona unaipiga mashimo?"

Mkono ukatetemeka, tindo ikateleza, ikaacha mkwaruzo mrefu uliokata bangili toka ukingo hadi ukingo. Wote wawili wakautazama. Sonara akaitupa nyundo.

"Meno!" alifoka. "Yalikuwa meno, bata wee! Meno ya mtoto wa watu aliyekufa! Nani alikwambia ugonge? Nani alikwambia usugue? Umepewa uunge, unaunga, unaacha! Huoni kitu, huulizi, unasugua tu, unasugua kama unaosha masufuria ya harusi! Gunia! Gunia la pamba!"

Upande wa pili wa ukuta mkasi wa kinyozi ulinyamaza. Mbele, mama mkwe alisimama, akashika pazia, akaliacha.

Mkwe alikuwa amekaa. "Hukuniambia," alisema.

"Sikukwambia! Ningekwambiaje? Wewe mkwe wangu!"

"Mimi nimekuja hapa kujifunza, Baba!" Alikuwa hajawahi kupaza sauti mbele ya mzee yule, na machozi yalikuwa yameshamwenda. "Kila siku unalitukana koleo. Koleo lina faida gani na maarifa hayo? Nitukane mimi! Ningeambiwa kwamba ni meno, ningekata mkono wangu kabla sijaigusa. Nyumbani nitakuwa mkwe wako, nitakula kipande kidogo, nitakaa kwa adabu zangu. Hapa mezani nifanye mwanafunzi, au nifukuze nijue moja."

Sonara akamtazama. Hasira yote ilikuwa imemwisha, amebaki mzee tu mwenye mkono unaotetemeka. Alijua sasa kwamba si msasa ulioyafuta meno yale. Aliyafuta yeye, kwa haya zake.

"Nilitaka kumdanganya," alisema. "Vishimo vitatu vinne, asingejua."

"Angejua."

"Ndiyo. Angejua." Akaifunga bangili kwenye kitambaa. "Twende."

"Nakwenda mwenyewe. Nimeharibu mimi."

"Mwanafunzi wangu akiharibu, nakwenda mimi mbele. Vaa viatu."

Mshonaji alikuwa anampima mteja kiuno. Alipowaona wawili pamoja, tena nyuso zile, alimwomba mteja arudi baadaye. Akafungua kitambaa. Bangili ikang'aa. Kwa muda akadhani wamekosea, wamempa ya mtu mwingine. Kisha kidole gumba chake kikaenda chenyewe mahali pake, kikapapasa, kikarudi, kikapapasa tena.

"Yalikuwa hapa," alisema.

"Ni mimi, mama," sonara akaanza, "kazi ni yangu na kosa ni langu—"

"Nimeyafuta mimi," mkwe alisema. "Sikujua. Nilidhani imechakaa, nikataka ipendeze. Mimi ndiye niliyeyafuta."

"Na huu mkwaruzo?"

"Huo wangu," sonara akasema. "Nilitaka kukutengenezea mengine ya uongo."

Mshonaji hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, bangili kiganjani.

"Kaburi lake liko mbali," alisema. "Nauli yake si ya kila siku. Hapa ndipo nilipokuwa nakwenda."

Sonara alitaja kufidia, mshonaji akatikisa kichwa kabla hajamaliza. Mkwe akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa. "Mama, niambie nifanye nini. Chochote."

"Huna la kufanya, mwanangu. Nendeni. Nina kazi."

Wakavuka barabara. Kinyozi alikuwa mlangoni na taulo begani, akawatazama, na kwa mara ya kwanza tangu afungue kibanda chake hakuuliza kitu. Mlangoni mwa duka mkwe akasimama.

"Nikusanye vitu vyangu, Baba?"

"Vitu gani? Una vitu gani wewe?" sonara akasema. "Kesho uje mapema. Nakuanza upya kwenye shaba. Tena uje na masikio, maana sitasema mara mbili."

Mama mkwe, nyuma ya kaunta, aliinama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka, akajifuta macho kwa upindo wa nguo yake.

Tangu siku ile koleo likapumzika. Mkwe alitukanwa asubuhi, akatukanwa mchana, na jioni alisimuliwa makosa yake yote mpaka mezani kwa chakula, ingawa hapo mama mkwe alikataza. Aliitwa bata mara nyingi kiasi kwamba mkewe alimuuliza kama mtoto naye atazaliwa na mabawa. Alikonda kidogo. Na mikono ile minene ikaanza kusikia moto, ikajua pa kubana na pa kuachia, mpaka siku moja sonara akaitazama pete yake, akaitazama tena, akaiweka kwenye kaunta ya kioo pamoja na za kuuzwa. Lakini mkwe hakuwa na amani na ng'ambo ya barabara. Kila akitoka kufungua mlango aliiona cherehani inakwenda, na mshonaji hakuinua kichwa.

Mshonaji akaja mwenyewe, mchana mmoja wa mvua ndogo, binti wa mkwe akiwa ameshazaliwa na analia nyuma ya kaunta mikononi mwa bibi yake. Alisimama mbele ya kaunta, akanyoosha mkono. Kidole cha pete kilikuwa kimevimba, pete ya fedha imezama kwenye nyama.

"Daktari amesema ikatwe, ipanuliwe," alisema. "Kidole kinakufa."

Sonara alinyanyuka haraka, akafunua pazia. "Kaa, mama. Karibu, kaa. Nitaisimamia mwenyewe, sitaiacha—"

"Sikuja kwako, Mzee." Hakusema kwa ubaya. "Namtaka yule."

Tupa ya mkwe ikabaki hewani.

"Mama," sonara alisema kwa upole, "baada ya yale yote?"

"Kwa sababu ya yale. Wewe una wateja wengi, na miaka mingi, unaweza kusahau. Yeye hatasahau maisha yake yote."

Sonara akamwingiza mshonaji nyuma ya pazia. Akajisogeza kando, akampisha mwanafunzi wake kiti chake mwenyewe, kile cha karibu na taa.

Mkwe alinawa mikono. Akaikata pete kwa msumeno mwembamba kuliko yote, taratibu, kipande cha ngozi kikiwa kimepachikwa chini usimguse, akaitoa. Mshonaji akavuta pumzi na kukisugua kidole. Kila mtu alitegemea kwamba sasa atawasha moto. Hakuwasha. Aliisogeza pete kwenye taa, akaigeuza polepole, akavuta kigoda.

"Kaa hapa karibu, mama," alisema. "Kabla sijagusa, niambie. Huu mstari?"

Mshonaji akainama. "Huo ni wa beseni. Nilikuwa namwogesha, akarusha mguu, nikamdaka mkono ukapiga ukingo. Alicheka huyo! Alidhani ni mchezo."

"Unabaki. Na hapa palipobonyea?"

"Chuma cha kitanda cha hospitali." Upande wa pili wa pazia mtoto alikuwa ameacha kulia. "Usiku ule nilikishika kwa nguvu."

"Panabaki," mkwe akasema. Akaigeuza tena pete. Sonara alikuwa amesimama nyuma yao, mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto, hathubutu kukohoa.

"Na huu mkwaruzo hapa, mama? Huu mkubwa?"

Mshonaji aliutazama kwa muda mrefu, akausugua kwa ukucha, kisha uso wake ukalegea.

"Huo?" akasema. "Huo ni wa kufuli la duka tu. Huo ufute."